DENGU: TUACHE KULISINGIZIA JUA

Kila msimu wa dengu unapoharibika katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu, sisi tuliosoma huwa na majibu mawili tayari: ama jua lilikuwa kali, ama mkulima alikuwa mvivu. Majibu haya ni rahisi, kwani hayamlazimu mtu kutoka ofisini. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi si ya kweli.

Dengu hupandwa mvua zinapoelekea kwisha, katika udongo mweusi wa mbuga unaotunza unyevu. Ni zao lililozoea ukame. Basi inakuwaje shamba moja, chini ya jua lile lile, linyauke mabaka mabaka huku mimea mingine imesimama? Anayetaka kujua na ang'oe mmea unaonyauka, apasue shina lake kwa kisu. Akikuta mstari wa kahawia ndani yake, ajue kwamba muuaji si jua. Ni ukungu uitwao fuzari, uingiao kwa mizizi na kuziba njia za maji. Mmea hufa kwa kiu juu ya udongo wenye unyevu!

Adui huyu ana mbinu mbili. Kwanza, huweza kujificha udongoni hata miaka 6 bila dengu kupandwa hapo. Pili, husafiri na mbegu. Mkulima anayeweka akiba ya mbegu kutoka shamba lililougua, kisha akamgawia nduguye wa kijiji cha pili, amempa mbegu pamoja na maradhi. Je, huyo ni mvivu? Hata kidogo. Ni mtu ambaye hakuelezwa, na wa kumweleza tunalipwa mshahara.

Nchini India, inayoongoza duniani kwa kilimo cha dengu, wakulima wameshauriwa kwa miaka mingi kuchanganya mbegu na dawa za thiramu na kabendazimu, gramu 3 kwa kila kilo, kabla ya kupanda. Wengine hutumia trikoderma, ukungu rafiki unaopambana na ukungu adui. Kilo 40 za mbegu zahitaji gramu 120 tu za dawa.

Wapo watakaosema kuwa dawa ya mbegu haiponyi udongo. Ni kweli, wala hatudai hivyo. Dawa humlinda mche katika siku zake za kwanza, na hupunguza hatari ya mbegu kupeleka ugonjwa katika shamba safi. Ni lazima iende pamoja na kubadilisha mazao na kupanda aina zinazostahimili mnyauko. Wengine watasema dawa ni sumu. Nalo ni kweli: mbegu iliyopakwa dawa hailiwi na mtu wala kuku, na anayeichanganya hana budi kuvaa glavu na kufuata maelekezo ya dawa hiyo. Lakini hatari ni sababu ya kufundisha, si sababu ya kunyamaza.

Desemba 2017, India ilipotoza dengu kutoka nje ushuru wa asilimia 30, maofisa walizungumzia bei asubuhi na jioni. Bei ni jambo kubwa. Hata hivyo, bei nzuri inamfaa nini mkulima asiye na gunia la kupeleka ghalani?

Mwaka 1972, huko Iringa, tuliambiwa kuwa Siasa ni Kilimo. Maneno hayo hayakukusudiwa kupamba kuta za ofisi. Kila shule yenye shamba katika mikoa hii na ipande mistari miwili ya dengu, mmoja wa mbegu iliyotibiwa na mwingine wa mbegu tupu. Wanafunzi wahesabu mimea inayokufa, na wazazi waitwe waone kwa macho yao. Ofisa ugani naye awepo, mwenye viatu vyenye matope. Siku hiyo tutakuwa na haki ya kuzungumza juu ya uvivu, na huenda tukagundua kuwa wavivu tulikuwa sisi.