Sanamu Haidai Ardhi

Tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya na kumkamata Jomo Kenyatta pamoja na wenzake. Baada ya uhuru siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta. Ilitubidi kuingoja Katiba ya 2010 ndipo iitwe Siku ya Mashujaa. Kwa zaidi ya miaka 40 kalenda yetu ilimtaja mmoja na kuwanyamazia maelfu. Sioni kama hilo lilikuwa jambo la sadfa.

Mnamo 1962, Kenyatta mwenyewe aliifananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha kutokomezwa, usiopaswa kukumbukwa tena. Watetezi wake husema kuwa taifa changa, lenye mpiganaji na homugadi katika kijiji kimoja, lilihitaji kusahau ili lisitoneshe vidonda vyake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ni nani aliyelipa gharama ya kusahau? Mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1950 yaliwapa hatimiliki waliokuwa upande wa serikali, ilhali wengine wamo vizuizini. Aliyerudi akakuta shamba lake limesajiliwa kwa jina la mwingine hakuombwa kusamehe tu, aliombwa asidai.

Isitoshe, marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003. Kabla ya hapo wapiganaji hawakuweza kusajili chama chao. Kesi yao dhidi ya Uingereza ilifunguliwa 2009, na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 ikatangazwa 2013. Kufikia hapo, wengi walikuwa wamezikwa pamoja na ushahidi wao.

Leo wakubwa wamebadili wimbo. Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama, amesimamishiwa sanamu jijini Nairobi tangu 2007. Naiheshimu sanamu hiyo. Hata hivyo, sanamu haidai ardhi, wala haiulizi ni nani aliyerithi mashamba ya walowezi. Ndiyo maana ni rahisi kuienzi.

Basi mtumishi wa umma, usimfungie mwananchi faili za ardhi na nyaraka za enzi hizo. Nawe mwanafunzi, kamwulize nyanya yako habari za vijiji vya dharura, ni nani aliyechimba mahandaki yake na kwa amri ya nani. Yaandike majina yote, hata yale yatakayokuudhi.