PIKAPU YETU HAIJAROGWA!

Ndugu wanachama,

Yapo maneno kilabuni kwamba pikapu ya ushirika imekwisha, iuzwe chuma chakavu. Wengine eti imerogwa, maana huzimika pale pale njia panda. Uongo mtupu!

Njia panda dereva huondoa mguu kwenye mafuta, injini inanguruma polepole, plagi zilizolowa oili hazitoi cheche vizuri, gari linazimika. Uchawi uko wapi hapo?

Na oili inakwenda wapi? Chini ya gari hakuna hata tone. Basi inaungua ndani. Tazameni moshi wa buluu! Ukitoka asubuhi gari likiwashwa, kisha ukakatika, shaka ni sili za valvu. Ukifuka gari linapopanda mlima na mzigo, shaka ni ringi za pistoni. Sisi tunafanya nini? Kila Jumatatu tunamimina oili, kama mtu ajazaye mtungi uliotoboka, halafu lawama kwa dereva!

Kamati isituletee mnunuzi kabla ya fundi. Apime kompresheni ya kila silinda; iliyo dhaifu aitie oili kidogo, apime tena. Ikipanda, ni ringi. Kubadili sili ni nafuu kuliko kufungua injini nzima. Tujue ugonjwa na bei yake, ndipo tupige kura.

Mavuno ya mahindi yanakuja. Tukiuza leo, kesho tutakodi gari la nani? La huyo huyo mnunuzi!

Ni mimi, mwanachama mwenzenu.