Njia Nyepesi ya Bondeni Inasema Ukweli juu ya Kifua



Siku ya Mungu, kisha misa na kisha kula, kambi yetu inafanya nini? Wanaume wanakaa chini ya mwembe, kila mtu na chupa yake. Wamama wanaendelea na kazi, maana kwao siku ya Mungu haijafika bado. Watoto wanapiga mpira mpaka giza. Mimi sina neno baya juu ya mapumziko. Mtu aliyeshinda siku sita kazini ana haki ya kukaa. Lakini leo ninawaomba jambo moja, na najua wengi watanicheka: mara moja kwa mwezi, acheni viti, mchukue watoto, mtembee bondeni siku nzima.

Jibu lenu nalijua. “Docta,” (mnaniita hivyo, ingawa mimi ni msaidizi wa munganga tu) “kutembea bila sababu ni mambo ya wazungu. Sisi tunatembea tukienda shambani, ku matanga, ku kazi. Nani atachosha miguu kwa kutazama miti?” Mwingine anasema: kama ni kuona uzuri, basi twende Lofoi. Kweli, Lofoi ni ajabu. Maji yake yanaruka kutoka ukingo wa Kundelungu na kuanguka zaidi ya metre 300, na pande zile ni parke ya taifa tangu mwaka 1970. Lakini Lofoi inaomba gari yenye nguvu, mafuta, na ruhusa ya siku kadhaa. Ukingojea Lofoi utazeeka kwenye kiti. Bonde ninalosema liko nyuma ya nyumba zetu, na haliombi hata franga moja.

Inchi hii ya Likasi na Kambove ni ya vilima, nyinyi wenyewe mnaona. Mkipita nyumba za mwisho za kambi, mtakutana kwanza na kile kilima kisicho na miti. Watoto wakiuliza sababu gani miti imekikataa, wajibuni: ni shauri ya shaba. Udongo wenye shaba nyingi unaua miti, majani machache tu ndiyo yanauvumilia. Kati ya hayo kuna ua dogo la rangi ya violeti ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini walilifuata ua hili ili kujua mahali shaba inapolala. Wachimbaji wa zamani za zamani mtu wa masomo anawajua leo kwa mawe na tanuru zao, na ua lile lile limesaidia kuonyesha mahali walipoyeyusha shaba. Baba anayechimba shaba kila siku na mtoto wake hajui ua lake, hiyo mimi naona ni haya kidogo.

Kisha kilima, njia inashuka katika pori. Nendeni mwezi wa 9, mbele ya mvua. Wakati huo miti ya pori letu inatoa majani mapya, nayo si ya kijani, ni mekundu, rangi ya shaba iliyosafishwa. Njia inashuka polepole mpaka mto mdogo, inafuata mto chini ya kivuli, inafika ku mawe makubwa ya bapa. Hapo watu wanakaa, wanakula, wanasikiliza maji. Kwenda na kurudi ni kilometre 8 hivi. Bibi kizee mwenye fimbo alifika mpaka mwisho na alikuwa wa kwanza kufungua sufuria.

Basi, njia ni nyepesi. Sasa nieleze kwa nini njia nyepesi hii nimeiandika ku ukurasa wa afya.

Mwaka mmoja tulienda jamaa tano. Kati yetu alikuwa mtoboaji wa mawe, mtu wa miaka 16 chini ya udongo. Jina lake silisemi. Mikono yake ni kama vyuma, na ku mpira wa wazee yeye ndiye alikuwa akilinda goli. Asubuhi alishuka akiimba, mtoto mabegani. Tulikula, tulicheka, tukaanza kurudi.

Hapa ndipo bonde lina akili yake. Mlima unakudai jasho asubuhi, ungali na nguvu, na jioni unakushusha kama rafiki. Bonde linafanya kinyume: linakushusha bure, halafu linadai deni wakati wa kurudi, jua liko juu na tumbo limejaa bukari. Yule ndugu alisimama akisema anafunga kamba ya kiatu. Tukaenda kidogo, akasimama tena: eti boti inambana. Bibi yake akampita, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akiongea na wenzake bila shida. Watoto wakamcheka baba yao. Mara ya nne nilirudi nikakaa naye ku jiwe. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, na midomo imekuwa ya majivu.

“Mdogo wangu,” akaniambia pumzi iliporudi, “usiseme mbele ya bibi.”

Nikamwuliza ni tangu lini. Akanijibu: miaka miwili. Miaka miwili alikuwa akipanga maisha yake ili asipande mahali popote. Ku goli alisimama sababu goli halikimbii. Na kwa nini hakusema? Aliogopa kutolewa chini ya udongo na kupoteza ile premi. Ana watoto wanne ku masomo.

Na mimi je? Katika miaka hiyo miwili alikuja mara tatu ku dispanseri yangu na kikohozi, wakati wa baridi. Nilisikiliza kifua chake akiwa amekaa, nikampa dawa ya kunywa, nikaita wa nyuma yake. Mtu aliyekaa ku kiti anahema vizuri. Sikumwambia hata mara moja apande ngazi tatu mbele yangu, na karatasi ya radio ya kifua sikuandika. Kosa hili ni langu, sina mwingine wa kumpa. Kilima kidogo kilimpima vizuri kuliko mimi.

Radio ilionyesha silikosi. Ni ugonjwa wa vumbi la mawe. Si lile vumbi unaloliona ku nguo, lile nene linakamatwa puani na kooni, unalitema. Linaloua ni lile lisiloonekana, linaloshuka mpaka mwisho wa mapafu na kukaa humo. Mapafu yanajaribu kulizungushia kovu, na kovu halivuti hewa. Kwa kawaida inachukua miaka mingi, na mwanzoni mtu hasikii kitu. Ku kazi hawezi kujua, maana keji inamshusha na kumpandisha, mashine inapigwa akiwa amesimama, na taratibu anajifunza kwenda polepole bila kujua kama anajifunza. Dawa ya kuondoa kovu hakuna. Kilichopo ni kumtoa mtu ku vumbi mapema, aache sigara kabisa, na kumchunguza kifua kikuu, sababu kifua chenye silika kinakamatwa nacho upesi zaidi kuliko kifua kingine. Hata akitoka ku vumbi ugonjwa unaweza kuendelea. Kwa hiyo kila mwaka anaouficha, anaulipia yeye mwenyewe.

Na kitambaa unachofunga ku pua, ndugu, vumbi lile linapita ndani yake sawa na mbu katika mlango wazi. Maji ku mashine ya kutoboa, hewa inayozunguka na maski ya kweli iliyokaa sawasawa usoni, hivyo ndivyo vinavyokinga. Anayefunga maji ili amalize upesi anajitobolea mapafu, pamoja na ya mwenzake.

Mtu anaweza kuniambia: basi tusitembee, tusije tukajua. Wengi wanawaza hivi, ndiyo maana ninaandika. Premi ya chini unaihesabu kila mwezi. Hesabu pia miaka ambayo bibi yako atakuwa akikuinua kitandani ili upate kuhema. Na kwa wakubwa wanaosoma ukurasa huu, nasema kwa heshima: mtu akijua kama kusema ukweli juu ya kifua kutamnyima chakula cha watoto, hatasema. Mtafutieni kazi ya juu ambayo haimpunguzii sana, na dispanseri zitaona watu mapema.

Nyinyi mama, nyinyi mnaona mbele yetu. Ni nani siku hizi anakuacha umpite njiani? Ni nani anaweka mito miwili chini ya kichwa? Ni nani anatafuta kamba ya kiatu kila penye mpando? Tembea naye bondeni. Njiani kurudi, mwambie akueleze habari ndefu. Kama anaweza kueleza huku akipanda polepole, vizuri. Kama anakata maneno mawili mawili, na mtu wa umri wake anaendelea bila shida, mlete kwangu siku ya kwanza ya kazi. Huenda si vumbi. Damu kupungua, moyo, malaria ya juzi, tumbo la pombe, vyote vinaiba pumzi. Bonde halijui ni kipi, na mimi pia sijui mbele ya radio. Lakini tutakuwa tumeanza.

Sasa juu ya safari yenyewe, maana sitaki mnilaumu. Ondokeni mapema, mfike ku mawe mbele ya jua kufika katikati, mpumzike kivulini, na mpande lile joto likipungua. Maji ya kunywa yatoke ku nyumba, yaliyochemka, litre moja na nusu kwa kila mtu mzima. Munkoyo ni mzuri, lakini pombe ibaki nyumbani mpaka mrudi. Maji ya mto yanayopita chini ya viwanda au karibu na matakataka ya madini msiyanywe hata yakichemshwa: moto unaua vijidudu, hautoi madini.

Watoto wataomba kuoga. Hapa mimi ni mkali. Mahali maji yanapolala, penye majani na konokono wadogo, ndipo bilharzia inapokaa. Mdudu wake anatoka katika konokono na kuingia kwa ngozi ya mtoto aliyesimama tu majini, dakika chache, bila kuuma. Baada ya wiki au miezi, damu ku mkojo, au tumbo. Kujipangusa na kitambaa si kinga ya kutegemea. Maji yanayokimbia juu ya mawe ni afadhali, lakini afadhali si sawa na salama. Mtoto aliyekwisha kuoga huko aletwe apimwe, kuna vidonge. Asipigwe, maana kesho atawaficha.

Viatu vya kufunga, si sandali. Nyoka akiuma mtu, msikate, msinyonye, msifunge kamba. Lile jiwe jeusi ambalo wengi wanalitunza sandukuni halivuti sumu, linavuta wakati tu. Mlazeni mtu, mguu usitikisike, mbebeni hospitali. Mvua zikianza, mkisikia radi kwa mbali, rudini, na msisimame chini ya mti ulio peke yake.

Yule ndugu sasa anafanya kazi juu, ku ghala la vyombo. Premi ya chini ilikatika, na bibi yake anauza mikate mlangoni. Hawakufurahi, na sitadanganya kama walinishukuru. Lakini bondeni bado anakuja. Anashuka nasi mpaka nusu ya njia, pale penye jiwe tulipokaa siku ile, anabaki hapo na redio yake ndogo na karanga. Sisi wengine tunaendelea mpaka majini. Tukirudi, mtoto wake wa mwisho anakimbia mbele kumwambia kama tumeona nini, kisha wanapanda wote wawili, polepole, na sasa akisimama hatafuti tena kamba ya kiatu.

Tunaondoka tena siku ya Mungu ya pili ya mwezi ujao, mbele ya dispanseri, jua likitoka.