Xubuntu siyo Ubuntu ya maskini, jamani!

Majaribio yamenibana ndiyo maana nimepotea, lakini hili la leo nikilimeza litanikaba.

Kuna ugonjwa umeingia hosteli. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, Oktoba 14, 2025, watu kibao wenye laptopu za zamani zinazokataliwa na Windows 11 wamekimbilia Ubuntu. Hilo ni jema, karibuni sana. Ugonjwa ni kwamba kila mtu anataka ile anayoiita "orijino". Mwambie mtu, kaka, mashine yako ina RAM ya 2GB, weka Xubuntu au Lubuntu, anakuangalia kama umemshauri aende kwenye mahafali na kandambili. "Hiyo si ndiyo Ubuntu ya maskini?"

Basi anaweka hiyo orijino. Akifungua kivinjari na kazi yake ya semina kwa pamoja, mashine inaganda. Anaitukana Linux mbele ya korido nzima, kisha anarudi kwenye Windows ya kupewa na mshkaji kwenye flashi, na virusi wake ndani. Hivi aliyekosea hapo ni Linux kweli?

Haya, tuelezane polepole. Ubuntu, Kubuntu, Xubuntu na Lubuntu ni mfumo mmoja. Kiini ni kilekile, ghala la programu ni lilelile, matoleo yanatoka Aprili na Oktoba kwa pamoja. Kinachotofautiana ni eneokazi, yaani ile sura unayokutana nayo ukishawasha: menyu, paneli, madirisha, pamoja na programu ndogondogo zinazokuja nayo. Ubuntu ya kawaida inatumia GNOME. Kubuntu, iliyoanza mwaka 2005, inatumia KDE. Xubuntu ilikuja mwaka 2006 na Xfce. Lubuntu ilipokelewa rasmi kwenye familia mwaka 2011 ikiwa na LXDE, na tangu 2018 inatumia LXQt. Wapo na ndugu wengine kama Ubuntu MATE na Ubuntu Budgie.

Kwa hiyo Kalzium, ile programu yenye jedwali la elementi, imetengenezwa na watu wa KDE lakini unaiweka kwenye Xubuntu na inafanya kazi bila ugomvi. LibreOffice ni ileile kotekote. Tena ukiwa na Ubuntu tayari, huhitaji hata kufuta kitu. Andika kwenye terminali sudo apt install xubuntu-desktop, ukitoka na kuingia upya unachagua sura unayotaka. Menyu itajaa programu zinazofanana, ni kweli, lakini utajionea tofauti mwenyewe badala ya kuhadithiwa. Sasa umaskini uko wapi hapo?

Na hiyo "orijino" mnayoililia yenyewe imebadilika sura mara ngapi? Ilianza mwaka 2004 na GNOME, mwaka 2011 ikahamia Unity, mwaka 2017 ikarudi GNOME. Kama sura ndiyo uhalisi, basi orijino ilijipoteza yenyewe kwa miaka sita, hehehe.

Upande wa pili kuna wajuaji wanaosema "zote sawa tu, weka yoyote". Nao wanapotosha. Ubuntu 24.04 yenyewe inataka RAM ya 4GB. Mtu mwenye 2GB ukimwambia zote sawa unamdanganya. Na mtu aliyezoea Windows miaka kumi, ukimpa GNOME yenye upau juu na safu ya aikoni kushoto, anapotea. Mpe Kubuntu, menyu iko chini kushoto palepale alipoizoea, ndani ya saa moja anaandika barua. Wale wa kusema KDE ni nzito wamebaki mwaka 2008. KDE ya leo haiizidi GNOME kwa ulaji.

Mnaweza kuuliza, mwalimu mtarajiwa haya yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Shule niliyofanyia BTP (jina naliacha) ilikuwa na kompyuta 11 za msaada, kila moja RAM ya 2GB. Fundi aliyeitwa kuziwekea Linux akaziwekea zote Ubuntu ya kawaida. Kipindi ni dakika 40, na robo saa nzima inaishia kuzitazama zikiwaka. Nilipofika zilikuwa zimefunikwa mashuka, uongozi umeshaamua kwamba "Linux imetushinda", na kidato cha tatu wanachorewa kibodi ubaoni kwa chaki. Kibodi ya chaki, wadau, na kompyuta 11 ziko chumba cha pili!

Kwa ruhusa ya mwalimu wa somo nilichukua mbili nikaziwekea Xubuntu. Zilifanya kazi mpaka naondoka, watoto wanapokezana wanne wanne. Zile tisa muda wa BTP haukutosha, nimeziacha chini ya mashuka. Kilichozilaza ni fundi ambaye hakuuliza maswali mawili: mashine ina nguvu kiasi gani, na nani ataitumia?

Sisemi Xubuntu ni muujiza. Kivinjari chenye tabo ishirini kitaimaliza RAM ya 2GB kwenye eneokazi lolote lile. Matoleo ya muda mrefu ya hawa ndugu yanahudumiwa miaka mitatu, wakati Ubuntu yenyewe inapata mitano, kwa hiyo shule lazima iwe na mtu wa kuzisasisha. Zile mashine kongwe za biti 32 zimeachwa, tangu 19.04 ya mwaka 2019 hata Xubuntu na Lubuntu hazina toleo lake. Na watu wa Lubuntu wenyewe walitangaza mwaka 2018 kwamba mashine za kale siyo tena lengo lao kuu. Lakini hizo zote ni sababu za kupima mashine kwanza. Hakuna hata moja inayosema uchague kwa sifa za korido.

Kinachoniudhi zaidi ni jina lenyewe. Ubuntu ni neno la ndugu zetu wa kusini, Wazulu na Waxhosa, na sisi Waswahili hatuhitaji kamusi, ni utu huohuo. Halafu tunalichukua tunatengeneza nalo matabaka hosteli, huyu wa orijino, yule wa maskini.

Sasa ninyi wenzangu wa ualimu mnaokwenda BTP mwaka huu, bebeni flashi mbili, moja ya Kubuntu na moja ya Xubuntu. Mkifika shuleni ulizeni kama kuna kompyuta zimefunikwa. Angalieni RAM kabla ya kuchagua. Na mtu akiwaambia hiyo ni ya maskini, mwambieni kompyuta inayowaka ni tajiri kuliko iliyolala chini ya shuka.

Nimemaliza. Wa GNOME mlionuna, chumba changu mnakijua, njooni na laptopu zenu tupime. Nawahi maktaba.