SEHEMU YA 6: Jina linapikwa lini, na wewe unakuwa wapi?

Hii ni sehemu ya sita ya maandiko yangu ya uchaguzi na leo ni ndefu, kwa hiyo tafuta pa kukaa. 

Naanza na siku mbili zilizofuatana. Jumapili ya tarehe 19 Januari 2025, Dodoma, mkutano mkuu maalumu wa CCM ulipitisha azimio kwamba Rais Samia ndiye mgombea pekee wa urais wa chama hicho. Jumatatu ya tarehe 20, Washington, Donald Trump aliapishwa, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Wengi wenu ile ya Jumapili mliishangilia au mliinunia, ile ya Jumatatu mkaiona ni habari ya Wazungu. Sisi wa hospitali ya Jumatatu ilitufikia ndani ya wiki.

Mnajua takwimu zetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Sehemu kubwa ya kazi ya VVU huku Nyanda za Juu Kusini imebebwa na fedha za Marekani kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo ile amri ilipotoka, mama mmoja aliniuliza swali moja tu: "Nesi, dawa zitaendelea?" Dawa zenyewe zilikuja kuruhusiwa baadaye, lakini hofu ile niliiona kwa macho, na watu walianza kugawana vidonge.

Sasa swali langu kwako. Huyo mtu aliyesaini ile amri alianza kuchaguliwa lini? Utaniambia Novemba 2024. Hapana. Alianza kuchaguliwa tarehe 15 Januari 2024, usiku wa baridi kali, jimbo la Iowa, watu kama 110,000 wa chama chake walipokusanyika kwenye shule, makanisa na kumbi za mitaa kuandika jina wanalolitaka. Iowa ni jimbo la mahindi. Lina watu milioni 3.2. Mbeya kwa sensa ya 2022 tuna milioni 2.3 na Iringa milioni 1.2, jumla milioni 3.5. Yaani chukua Mbeya na Iringa uziweke pamoja, mahindi yetu na kila kitu, umepata Iowa. Hao ndio wanaoanza.

Twende taratibu, maana hii kalenda yao inachanganya watu. Wenzetu mgombea urais wa chama hapitishwi na kikao kimoja. Kila jimbo lina siku yake. Majimbo mengine yanapiga kura ya kawaida ya sanduku, hiyo ndiyo kura ya mchujo, machache kama Iowa wanakutana ukumbini. Kura za wananchi zinageuzwa kuwa idadi ya wajumbe, na wajumbe ndio wanaokwenda mkutano mkuu kiangazi. Mwaka 2024 Republican walikuwa na wajumbe 2,429, na aliyefikisha 1,215 amemaliza kazi. Iowa tarehe 15 Januari, New Hampshire tarehe 23, kisha mengine, halafu 5 Machi ikaja ile Jumanne yao kubwa, majimbo kumi na tano kwa mpigo. Kesho yake Nikki Haley akajitoa. Tarehe 12 Machi Trump alikuwa ameshafikisha idadi. Mkutano mkuu wa Julai kule Milwaukee ulikuwa sherehe tu.

Umeona kinachotokea hapo? Pennsylvania, jimbo la watu karibu milioni 13, lilipiga kura yake ya mchujo tarehe 23 Aprili. Mchujo ulikuwa umeisha wiki sita nyuma. Ni kama foleni ya OPD, aliyewahi namba ndiye anayemkuta daktari hajachoka. Ndiyo maana majimbo yanagombania tarehe. New Hampshire wameandika mpaka kwenye sheria yao kwamba wao lazima wawe wa kwanza kwa kura ya sanduku. California wamesogeza yao mpaka Machi. Wanajua kwamba mgombea anayehitaji kura yako mapema atakuja kukaa jikoni kwako. Iowa wagombea wanazunguka mashambani, wanakula mahindi ya kuchoma kwenye maonyesho ya kilimo, na ole wake atakayezungumza vibaya kuhusu mafuta yanayotengenezwa kwa mahindi.

Sisemi utaratibu wao ni mzuri. Ni mrefu mno, unakula fedha za kutisha, na mwaka 2024 huohuo Democrat walipiga kura za mchujo kwa Biden, akajitoa tarehe 21 Julai, wakampitisha Kamala Harris kwa kura za wajumbe mwanzoni mwa Agosti bila mwananchi wa kawaida kumpigia hata kura moja ya mchujo mwaka ule. Kwa hiyo na kwao mlango wa nyuma upo.

Ila jambo moja wasomaji wengi hawalijui. Utaratibu huu haumo kwenye katiba yao na si wa kale. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipitishwa na chama chake Chicago bila kushindana kwenye mchujo hata mmoja. Wakubwa walimpanga. Nje ya ukumbi polisi na vijana walipigana, chama kikashindwa uchaguzi, kikaunda tume, na kufikia 1972 kanuni zilikuwa zimebadilika. Kanuni za chama tu, yaani walikaa wakaziandika upya.

Turudi nyumbani. Kwetu mgombea urais anapikwa na nani? Nitatumia CCM kwa sababu ndicho chama ambacho jina lake limetoa kila rais tuliyewahi kuwa naye. Mwaka 1995, Julai, mkutano mkuu ulipiga kura kwelikweli. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza, duru ya pili Mkapa akamshinda kwa 686 dhidi ya 639. Mei 2005 Kikwete alipata 1,072, Salim Ahmed Salim 476, na Profesa Mwandosya, mtu wetu wa Rungwe, 122. Wazee wa Tukuyu mpaka leo ukiwagusa hapo wanakohoa.

2015 ndiyo nataka tukae nayo. Makada 42 walichukua fomu, 38 wakarudisha. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake iwe ya Zanzibar. Maana yake watu 30 kila mkoa. Hiyo ndiyo Iowa yetu, ndugu zangu. Mtu anayetaka kuongoza nchi anafika mkoani, anaingia ofisi ya chama, anapata saini 30, anapungia watu mkono, anaondoka. Ukiwa na bahati anasema maneno mawili. Hakuna aliyelazimika kukaa na sisi kujibu barabara ya Tunduma itapanuliwa lini, ambulansi inapita wapi malori yakifunga mteremko wa Iwambi. Kisha majina yote yakaenda Dodoma. Kamati Kuu ikabakiza matano, Lowassa hakuwemo, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, na tarehe 12 Julai nchi ikatangaziwa Magufuli kwa kura 2,104, Balozi Amina Salum Ali 253 na Dk Asha-Rose Migiro 59.

Jumlisha: ni kura 2,416. Mwaka ule daftari lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 23. Yaani mjumbe mmoja aliamua kwa niaba ya wapiga kura karibu 9,600. Na hao wajumbe nao walichagua kati ya watatu waliobakizwa na vikao vidogo zaidi.

Mtu ataniambia, nesi, wewe huna hata kadi ya chama, yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu siku ya kura napewa karatasi yenye majina, na majina hayo ndiyo mipaka yangu. Ni kama kumwambia mgonjwa achague dawa, wakati kabati limeshafungwa na kilichobaki mezani ni panadol. Amechagua, ndiyo.

Halafu 2025. Lile la Januari halikuja na fomu wala wadhamini. Tulivyotangaziwa sisi wananchi, wajumbe walikwenda Dodoma kumpata Makamu Mwenyekiti Bara na kupokea taarifa, wakarudi na mgombea urais mkononi, miezi tisa kabla ya kura. Wapo wanaosema ni haki ya chama na mkutano mkuu ndio mwenye mamlaka. Sawa, na sisemi aliyepitishwa hafai, hilo lilikuwa la kuamua wewe na kadi yako. Ninachosema ni kwamba jambo la namna hiyo tarehe yake inatakiwa ijulikane kabla, ili mwenye neno aseme kabla. Kada mmoja wa Kilimanjaro aliyehoji utaratibu hadharani alivuliwa uanachama mwezi uliofuata. Ukiwa mwanachama wa kawaida kule Mafinga, ukiliona hilo, utanyanyua mkono kikao kijacho?

Ajabu ni kwamba kwa wabunge chama hichohicho kinaweza. Jumatatu ya tarehe 4 Agosti 2025 mliona wenyewe. Wigo wa wajumbe ulipanuliwa mpaka ngazi ya shina. Huku kwetu jimbo jipya la Uyole lilifanya kura za maoni kwa mara ya kwanza. Watia nia walizungushwa kata kwa kata wamebebana kwenye gari moja, kila mtu dakika chache, wajumbe wanauliza maswali mpaka ya choo cha zahanati. Mama yangu mdogo kule Kilolo, balozi wa nyumba kumi miaka yote, alipiga kura ya maoni safari hiyo na hajanyamaza tangu siku hiyo. Kasoro zipo. Fomu ya ubunge ilikuwa shilingi 500,000 zisizorudi, kwa nesi wa diploma hiyo si hela ndogo. Orodha iliyokwenda kwa wajumbe ilichujwa kwanza Dodoma na kutangazwa tarehe 29 Julai, na vigogo kadhaa hawakurudi. Na neno la mwisho bado ni la vikao vya juu. Mwaka 2020 tuliona walioongoza wakiachwa na wa pili au wa tatu wakipewa. Lakini angalau balozi wa nyumba kumi ameulizwa. Kama anaweza kuulizwa kuhusu mbunge, kwa nini asiulizwe kuhusu rais?

Upinzani nao wasicheke. Jumatano ya tarehe 6 Agosti 2025 ACT-Wazalendo walimpitisha Luhaga Mpina kugombea urais. Jumanne, siku moja kabla, ndiyo alijiunga nao, baada ya jina lake kutorudi kwenye ile orodha ya CCM ya 29 Julai. Siku moja, watu wangu. 2015 CHADEMA walifanya hivyohivyo, Lowassa aliingia tarehe 28 Julai, tarehe 4 Agosti ni mgombea, na mwanachama aliyekuwa anasambaza vipeperushi vya kumpinga Lowassa miaka minane akaambiwa geuza bango. Mwaka 2025 CHADEMA hawakuwemo kabisa. Hawakusaini maadili ya uchaguzi mwezi Aprili, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Kwa hiyo hata kabati lenyewe lilipungua.

Mimi ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye kanuni za vyama bila kugusa katiba ya nchi. Kila chama kitangaze mwaka mmoja kabla siku ya kumpata mgombea wake wa urais na nani anapiga kura. Kura hiyo ishuke angalau mpaka kwenye kata, hatuhitaji miezi sita ya Wamarekani, wiki tatu zinatosha kwa kanda zote. Na kanda zipokezane kuanza. Leo waanze Nyanda za Juu Kusini, miaka mitano ijayo Kanda ya Ziwa, kisha Kusini. Mtia nia wa urais aje Mbeya akijua bila sisi hapiti. Tumuulize kwa utaratibu, fedha za Marekani zikikatika tena, vidonge vya watu wa Iringa vinalipiwa na fungu gani? Swali hilo sikumsikia yeyote akiulizwa mwaka 2025 akiwa bado anahitaji kupita.

Gharama? Chama kilichoweza kupiga kura za maoni nchi nzima siku moja kwa ubunge na udiwani kina masanduku tayari. Kuongeza karatasi moja si ujenzi wa SGR.

Sasa tarehe za kuandika pembeni. Mwaka 2025 Tume ilianza kutoa fomu za urais Jumamosi tarehe 9 Agosti, uteuzi ulikuwa tarehe 27 Agosti, kampeni zilianza tarehe 28, na kura ilikuwa Jumatano tarehe 29 Oktoba. Wenzangu wa hospitali, rosta ya mwezi wa kura hupangwa mapema, ongeeni na in-charge wenu kabla haijabandikwa ukutani, mtu wa zamu ya mchana asije akajikuta hana hata saa moja ya kwenda kituoni. Sehemu ya saba nitaandika kuhusu pingamizi, yaani mgombea aliyeshateuliwa anawezaje kuondolewa. Maswali nitajibu nikitoka zamu, msinipigie saa tatu usiku.