Uchambuzi: Joto Mlimani na Hatari ya Kuporomoka kwa Barafu na Mawe

Tarehe 3 Julai 2022, kipande kikubwa cha barafu kilimeguka karibu na kilele cha mlima Marmolada, kaskazini mwa Italia, kikateremka kwa kasi kikiwa kimechanganyika na mawe na maji, na kuua watu 11 waliokuwa mlimani. Hapakuwa na dhoruba. Siku moja kabla, joto kileleni, katika mwinuko wa zaidi ya mita 3,300, lilikuwa limefikia takribani nyuzi 10 za Selsiasi.

Tukio hilo linakanusha dhana iliyozoeleka kwamba maporomoko ya theluji ni janga la majira ya baridi pekee. Theluji inapopata joto, maji hupenya baina ya matabaka yake na kulegeza mshikamano uliokuwapo. Kwenye barafu ya kudumu, maji hayo hujaa katika nyufa, hufika hadi chini na kulainisha sehemu inayokutana na mwamba. Kinachobaki ni uzito wa barafu yenyewe na mteremko.

Kwa Tanzania, suala hili halihusu Ulaya tu. Theluji ya Kilimanjaro ni haba mno kuweza kusababisha maporomoko kama ya milima ya Alps, lakini barafu yake hushikilia mawe mithili ya saruji, na inapoyeyuka huyaachia. Mwezi Januari 2006, mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo, juu ya kambi ya Arrow Glacier, na kuua wapandaji watatu raia wa Marekani. Njia ya Western Breach ilifungwa kwa muda kutokana na ajali hiyo.

Tangu mwaka 1912 hadi 2011, eneo la barafu mlimani humo lilipungua kutoka takribani kilomita za mraba 11.4 hadi chini ya 2. Takwimu hizo hutajwa zaidi katika mijadala ya mandhari na utalii, ilhali kwa anayepita chini ya miamba hiyo jambo la kwanza ni usalama wake.

Kilimanjaro ipo karibu na Ikweta, hivyo tofauti ya joto kati ya usiku na mchana huzidi ile ya miezi. Kwa sababu hiyo, saa ya kupita ina uzito kuliko msimu. Waongozaji huwapitisha wageni Western Breach kabla ya mapambazuko, mawe yakiwa bado yameganda. Wapagazi, hata hivyo, kwa kawaida hubaki nyuma kukunja mahema na kufunga mizigo, ambayo kanuni za hifadhi zinaiwekea ukomo wa kilo 20 kwa kila mmoja. Wakichelewa kuondoka, hupita eneo hilohilo jua likiwa limekwisha kulipiga, na ratiba ya safari iliyopangwa kwa kuangalia saa ya mgeni peke yake haiwalindi.