Kiu ya dogo haikuwa joto

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya corona, nilirudi nyumbani na begi moja na woga mwingi. Nikamkuta mdogo wangu wa miaka tisa anamaliza jagi zima la maji peke yake. Usiku anakojoa kitandani, kitu alichoacha kabla hajaanza shule. Tukamcheka. Bi mkubwa akasema ni joto tu, na hospitali tusiende, maana huko ndiko corona iliko.

Wiki ya pili dogo amekonda, anatapika, anahema harakaharaka. Tukasema basi, ndiyo corona yenyewe. Kumbe kisukari. Tone moja la damu ya kidole lilitosha kutuonyesha. Mwili wake ulikuwa hautengenezi tena insulini ya kutosha, ile homoni inayosaidia sukari kuingia kwenye seli, na damu ilishajaa asidi. Tungechelewa kidogo tu tungemzika.

Hatukuwa peke yetu. Ujerumani, kati ya Machi na Mei 2020, karibu watoto 45 katika kila 100 waliogundulika na kisukari cha aina ya kwanza walifika hospitali wakiwa na asidi hiyo. Kipindi kama hicho mwaka 2019 walikuwa kama 25. Na hiyo ni nchi yenye bima na madaktari wa kutosha!

Wataalamu wanabishana kama kirusi chenyewe huchochea kisukari. Wabishane, ni kazi yao. Mimi ninachokilaumu ni kusubiri. Tuliambiwa corona ni ya wazee, tukasahau kwamba mtoto anaweza kuumia kwa woga wetu sisi wakubwa.

Wapo watakaosema corona imeshapita. Sawa, lakini "tusubiri kwanza" ipo palepale. Mtoto akichoka ni malaria, akikojoa sana ni yutiai, anapewa dawa za duka la dawa, siku zinakwenda.

Ndiyo maana nasema siku ya afya hapa chuoni isiishie kutupima presha. Tufundishwe dalili nne: kiu isiyoisha, kukojoa sana, kukonda, uchovu. Ukiziona kwa mtoto, apimwe sukari siku hiyohiyo.

Dogo leo yuko sekondari, anajichoma sindano mwenyewe. Wewe una wadogo zako nyumbani. Jioni ukipiga simu kuomba hela, waulizie na wao.